Kulea vifaranga wa uani hapa Tanga mpaka wawe kuku wanaokujia wenyewe

Ukipita nyumba nyingi za Ngamiani, Makorora, Mikanjuni huko utakuta kuku uani, lakini kuku wenyewe ukinyanyua mguu tu washatawanyika, mmoja yuko juu ya ukuta mwingine kashaingia kwa jirani anachakura mchicha wa watu, na siku ya kuwashika ndo kasheshe, watoto wa mtaa mzima wanaitwa, ndoo zinapinduka, mwisho kuku anashikwa bawa limeteguka. Watu wanasema aah kuku wa kienyeji ndo walivyo. Sio kweli. Kuku anakuwa mwoga au mzoefu kutokana na alivyolelewa zile wiki mbili tatu za mwanzo, na ukishazikosa hizo unaweza kumrudisha ndio, ila utatoka jasho.

Na siongelei kuku wa kupakata ili upige picha uweke status, ingawa ukitaka piga tu. Naongelea faida. Chanjo ya mdondo, ile wengine wanaita kideri, hii ya matone inatakiwa irudiwe kila baada ya miezi mitatu na tone linaingia jichoni, sasa kuku kumi na tano wanaokimbia hiyo ni kazi ya asubuhi nzima, ila kumi na tano wanaokula mkononi umemaliza kabla chai haijapoa. Kuku aliyekuzoea unamgeuza unaangalia utitiri chini ya bawa, unaona kinyesi chake kikoje, unajua nani leo hajala, na akitaka kutaga anakuja kwenye kiota ulichomtengenezea badala ya kwenda kuficha mayai kwenye vichaka vya jirani mpaka kenge ayale yote.

Tuanze na vifaranga wenyewe. Kwa uani wa kawaida chukua kumi mpaka ishirini, hapo kila mmoja utamjua sura. Wakiwa mia huwezi kumshika kila mmoja kila siku, hao watakuwa mradi, sio kuku wa nyumbani. Mmoja peke yake usimchukue kabisa manake atalia mpaka utachanganyikiwa, kuku ni kiumbe wa kundi. Kuhusu aina, chotara kama Kuroiler na Sasso huwa watulivu kidogo na wanakua haraka, kienyeji pure ana akili ya kujiokoa zaidi lakini anahitaji uvumilivu kumzoesha, kuchi ni kuku mzuri mrefu wa kupendeza ila majogoo wake wamezaliwa na ngumi, sikushauri kama una watoto wadogo. Leya wa kahawia, yani kuku wa mayai, nae mpole sana ila chakula chake ni cha dukani mda wote, ukimwachia ajitafutie utasubiri mayai mpaka ukate tamaa.

Kama unaagiza vifaranga wa siku moja toka Dar wanakuja na basi kwenye maboksi yenye matundu, unaenda kuwapokea stendi ya Kange. Nenda mapema usingoje kupigiwa simu, safari yenyewe ni masaa matano sita na boksi likiachwa juani hata nusu saa umepoteza. Fungua hapohapo uangalie: macho yawe yanang'aa, kitovu kiwe kimekauka kimefunga, asimame mwenyewe, nyuma asiwe amegandia mavi. Muulize muuzaji kama wamechanjwa mareksi, ule ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, siku waliyototolewa, hiyo chanjo inatolewa kituoni huwezi kuja kuichoma baadae nyumbani ukategemea matokeo.

Msimu nao uangalie. Mi naona masika, Machi mpaka Mei, sio wakati wa kuanza kama ni mara yako ya kwanza, unyevu wa Tanga unaujua, maranda hayakauki, pumba inaota ukungu na kuhara damu ndo kunaposhika kasi. Juni na Julai upepo wa kusi usiku una kaubaridi kwahiyo utachoma umeme au mkaa zaidi lakini mazingira ni makavu. Desemba na Januari joto lenyewe linakulelea vifaranga mchana, taa unawasha usiku tu.

Bruda ya kwanza, yani sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, haina haja ya fundi. Boksi kubwa la friji au la tivii linatosha kwa kumi na tano wiki ya kwanza, au zungushia kipande cha hadibodi upate duara, duara ni nzuri zaidi kuliko pembe manake wakisikia baridi wanajazana kwenye pembe na wa chini anakufa kwa kukosa hewa. Chini weka maranda ya mbao, unene wa vidole vitatu vinne hivi. Usiweke vumbi la mbao lile laini, wanalila na linawaingia puani, na usiweke gazeti peke yake, linateleza, miguu inafunguka pande mbili na kifaranga anabaki kilema. Siku mbili za mwanzo unaweza kutandika gunia safi juu ya maranda ili wajue kipi ni chakula kipi ni takataka.

Joto wiki ya kwanza ni nyuzi 32 mpaka 35 pale usawa wa vifaranga, alafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka wanapoota manyoya. Kipima joto ukiwa nacho vizuri, usipokuwa nacho waangalie wenyewe. Wamejazana chini ya balbu wanalia kwa sauti kali, hiyo ni baridi. Wamekimbilia mbali na taa, midomo wazi, mabawa wameyaachia, hilo ni joto limezidi, na kwa Tanga hili la joto kuzidi ndo linaua zaidi kuliko watu wanavyodhani, mtu anasoma mahali kwamba kifaranga anataka joto basi saa saba mchana mwezi wa pili kawawashia balbu la wati mia ndani ya chumba cha bati. Wametawanyika wengine wanakula wengine wamelala wamejinyoosha pembeni, hapo sawa, waache. Balbu iwe upande mmoja wa boksi sio katikati ili anayeona joto apate pa kukimbilia.

Umeme ukikatika, na utakatika, chukua chupa za plastiki za lita moja na nusu jaza maji ya moto, sio yanayochemka, zifunge na kitambaa au kanga kuukuu uziweke ndani watazizunguka wenyewe. Jiko la mkaa linatumika na wengi na linafanya kazi lakini dirisha liwe wazi, moshi na ile hewa ya mkaa inaua vifaranga na inaua na wewe uliyelala chumba hichohicho. Makaa yashike vizuri nje kwanza ndo uingize.

Wakifika tu waanze na maji, chakula baadae kidogo. Maji ya uvuguvugu uweke glukosi au sukari kidogo, kila mmoja mchovye ncha ya mdomo mara moja ajue maji yako wapi, wakishajua wawili watatu wengine wataiga. Hiyo ya kuchovya mdomo ndo mara ya kwanza mnakutana, mkono wako na yeye, kwahiyo usimkamate kwa pupa. Kisahani cha maji weka kokoto safi ndani, kifaranga anazama kwenye maji ya kina cha kidole.

Sasa tuje kwenye mazoea yenyewe, maana hapa ndo watu wanaruka.

Kifaranga akitoka kwenye yai, masaa yale ya mwanzo mpaka kama siku moja na nusu hivi, akili yake iko wazi, kile anachokiona kinatembea na kutoa sauti karibu yake anakichukua kuwa mama. Vifaranga vya kununua mara nyingi ule mda umepita wakiwa njiani, lakini mlango haufungi ghafla, kuanzia siku ya tatu hivi ndo woga unaanza kuingia pole pole, anaanza kushtuka na vitu vigeni. Kwahiyo siku mbili za kwanza nyumbani kwako ni dhahabu na watu wengi wanazitumia kuwafungia chumbani mlango kufuli ati wasisumbuliwe. Wapumzike ndio, joto na maji kwanza, lakini kaa karibu nao. Chukua kigoda kaa pembeni ya boksi, ongea na simu zako, chambua mchicha wako, piga stori na mkeo, wasikie sauti za watu ikiwa sauti ya chini ya kawaida. Tivii au redio iwe chumba cha pili sio mbaya, wazoee makelele ya nyumba.

Siku ya tatu anza na mkono. Kanuni moja kubwa: mkono usitoke juu. Kitu chochote kinachoshuka toka juu kwa kuku ni mwewe, hajafundishwa na mtu amezaliwa nayo, na boksi refu linalofunguliwa kwa juu linakulazimisha uwe mwewe kila ukiweka maji. Ndo maana mi napenda boksi likatwe upande mmoja kuwe na kamlango ka pembeni ka waya au chandarua, au liweke juu ya meza ili uso wako uwe usawa wao. Ingiza mkono polepole toka pembeni, uuweke chini kiganja kikiangalia juu, uache. Weka stata kidogo, kile chakula cha kuanzia vifaranga, juu ya kiganja. Usimfuate kifaranga na mkono, subiri yeye aje. Atakuja mmoja, kwenye kila kundi kuna mmoja mdadisi, atadonoa kidole, atadonoa pete, ukiwa na piko mkononi atadonoa ua moja moja mpaka amalize. Usivute mkono kwa kushtuka. Wa kwanza akila wengine wanafuata, baada ya siku mbili tatu wanagombania.

Wakishazoea kula acha kiganja palepale baada ya chakula kuisha. Kiganja kina joto, atapanda, atajikunja, atalala. Hapo ndo umempata. Kifaranga aliyelala kwenye mkono wako mara kadhaa ndani ya wiki mbili hizo hakusahau kirahisi. Kumnyanyua mkinge na mikono miwili toka chini, miguu ipate pa kukanyaga, kuku akining'inia miguu hewani anahisi anaanguka anapapatika. Na usimbane kifua, ndege hana kiwambo kama binadamu, anapumua kwa kifua chenyewe kupanda na kushuka, ukimbana tu kwa mapenzi umemnyonga. Hili waambie watoto mara mia. Mtoto akitaka kushika kifaranga akae chini kwenye mkeka, miguu ameikunja, apewe kimoja, hakuna kutembea nacho hakuna kukimbia nacho, dakika chache akirudishe. Akimaliza sabuni na maji, kuku anayeonekana mzima kabisa anaweza kuwa na vijidudu vya salmonela vinavyoharisha watu, na hakuna kubusu vifaranga hata kama wazuri, wadogo chini ya miaka mitano usiwaachie kabisa peke yao.

Kila ukiwapa chakula toa sauti ileile. Wengine wanaita tii tii tii, wengine wanapiga ulimi, wengine wanagonga kopo. Chagua moja nyumba nzima itumie hiyohiyo, na usiite kwa uongo, yani usiwaite ukawa huna kitu au ukawaita ili umkamate mmoja wa kuchinja. Wa kuchinja unamchukua usiku akiwa amelala, wenzake wasione. Sauti ikibaki safi hivo, hata wakiwa wamefika barabara ya pili ukigonga kopo wanarudi mbio. Dua yangu kwa wote wanaotafuta kuku wao magharibi na tochi.

Vitu vya kuwahonga: kiini cha yai la kuchemsha kilichofikichwa, mchwa wakipatikana, dagaa waliosagwa. Dagaa wa kuku wa madukani wachague, wengine wana mchanga nusu na chumvi nyingi, chumvi ikizidi kifaranga anaharisha na anakufa. Chicha la nazi, ambalo nyumba yoyote ya huku halikosekani, wanalipenda sana ila wape lile la leo na kidogo, likilala linachacha na lina mafuta mengi hawatakula chakula chao cha maana. Vitu hivi ni vya kiganjani tu, sahani iwe na stata yenye protini asilimia 20 hivi mpaka wiki ya nane, ndo unahamia chakula cha kukuzia, dukani wanaita growa. Chakula cha leya kina chokaa nyingi mno, ukiwapa wadogo unawaharibu figo, mpe tembe, yani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, akikaribia kutaga tu. Na wakianza kula chochote zaidi ya unga, majani, mtama, wadudu, waweke na kichanga chenye vijiwe vidogo, kuku hana meno, vijiwe ndo vinasaga ndani ya firigisi.

Pumba na chakula chenu kihifadhini juu ya mbao sio sakafuni. Hewa ya pwani inaingiza ukungu kwenye gunia bila wewe kuona, na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haitoki kwa kuanika juani wala kwa kuchanganya na chakula kizuri. Ikinuka uvundo tupa. Roho itauma, tupa.

Chanjo sasa, nitapita haraka lakini usiziruke. Mdondo wiki ya kwanza, siku ya 7 hivi, rudia wiki ya tatu, baadae kila miezi mitatu. Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoshusha kinga ya kifaranga, siku ya 14 na marudio siku ya 21 au 28 kutegemea ratiba uliyopewa ulikonunua. Ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8, inachomwa kwenye ngozi ya bawa, na kwa Tanga ndui usiichukulie poa manake inasambazwa na mbu na mbu tunao. Ile chanjo ya mdondo inayostahimili joto inatengenezwa hapahapa nchini na wakala wa maabara za veterinari, TVLA, ni nzuri kwa sisi tusio na friji za uhakika, lakini kustahimili sio kuweka dirishani juani. Chanjo ya kunyweshwa kwenye maji inataka maji yasiyo na klorini, ya bomba ukiyatumia moja kwa moja unaua chanjo, tumia ya kisima safi, au yachanganye kwanza na maziwa ya unga kidogo, wanyime maji saa moja au mbili kabla ili wakipewa wanywe yaishe ndani ya masaa mawili. Chupa moja huwa ya dozi mia au zaidi na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka kesho, kwahiyo panga na majirani mnaofuga mchanje siku moja. Kwa maswali ya magonjwa muone afisa mifugo wa kata, na Tanga tuna bahati chuo cha mifugo Buhuri kiko karibu, sio mtu uende kununua antibiotiki ya kukisia kila kuku akipiga chafya.

Ukiona kinyesi kina damu, vifaranga wamejikunyata mabawa chini, wengi ni koksidia, inatokana na maranda yaliyolowa, dawa yake ya kawaida ni amproliamu kwenye maji na badilisha maranda siku hiyohiyo hasa pale panapozunguka chombo cha maji. Kifaranga aliyegandia mavi nyuma mpaka amezibwa mpanguse na pamba na maji ya uvuguvugu, usivute, mkaushe ndo umrudishe.

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, jua likiwa limetulia saa kumi hivi, watoe nje. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, hilo wahenga walimaliza, ila kujificha na kunguru inabidi umsaidie. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na sasa pwani yote ni yao, wanakuja kwa kundi, mmoja anamchokoza koo, yule kuku mama, huku mwingine anabeba kifaranga mchana kweupe mbele ya macho yako. Dawa ni tenga lililofunikwa juu yao na jiwe, au banda dogo la kufunikwa na nyavu. Nyavu kuukuu za wavuvi ukienda Sahare au Deep Sea wanakopaki ngalawa utapata kwa bei ya maelewano, zinadumu na kunguru anaziogopa. Kicheche ni wa usiku, nguchiro hata mchana anakuja, hao wanataka waya wenye matundu madogo na mlango unaofunga. Siafu pia, msimu wa mvua zungushia majivu na usiache vifaranga sakafuni kwenye kichaka, siafu hawabakishi.

Huku nje nako mazoea yanaendelea. Kaa chini kwenye kigoda, kuku anamuogopa aliyesimama zaidi ya aliyekaa. Vaa nguo za kawaida unazovaa siku zote, kuku anaona rangi vizuri kuliko sisi na anajua sura za watu, ukija na shuka jekundu linalopepea siku moja watakukimbia na wewe uliyewalea. Watapanda magoti, watapanda bega, simu yako weka mbali.

Alafu kuna kipindi kinawakatisha tamaa watu. Kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili hivi kuku wanabalehe, pora wanaanza kuwika sauti ya kukwama, mitetea wanakuwa na maringo, yule aliyekuwa analala mkononi leo anakupita mbali. Ni kawaida. Usimkimbize. Endelea kugonga kopo na kulisha kwa mkono kila jioni, na usiku wakishapanda kwenye vichanja pita na tochi yenye mwanga hafifu, wahesabu, kila mmoja mpapase kifuani chini sio mgongoni, gizani kuku haoni vizuri anatulia. Hapo hapo ndo unakagua utitiri na uzito. Dawa ya utitiri ya bei rahisi ni majivu makavu ya jikoni umechanganya na mchanga kwenye beseni au shimo, wataoga wenyewe. Tembe akikaribia kutaga utajua, unamsogelea anachuchumaa anafungua mabawa kidogo, upanga wa kichwani umekuwa mwekundu, weka kiota chenye nyasi kavu sehemu yenye giza giza.

Majogoo ni hadithi nyingine na hapa ushauri wangu unageuka. Pora usimdekeze kupita kiasi. Mtetea aliyezoea watu anakuwa mpole, jogoo aliyezoea watu sana anakosa kukuogopa na siku akikomaa anakuhesabu na wewe ni jogoo mwenzie. Mlishe mkononi pamoja na wenzie basi, usimbebe bebe, usimfundishe kudonoa viatu watoto wakacheka. Akianza kushusha bawa moja na kukuzunguka ubavu ubavu anakupima huyo. Usikimbie, ukikimbia ameshinda, usimpige teke, teke ndo vita yenyewe. Simama hapohapo, mkamate, mbane kwapani umefunika mabawa, tembea nae uani unafanya shughuli zako mpaka alegee, mrudishe chini. Rudia kila akijaribu. Asiyesikia na una watoto nyumbani, huyo ni wa pilau, hakuna mjadala. Jogoo mmoja anatosha mitetea nane mpaka kumi, wengine wapunguze mapema kabla hawajaanza kuuana. Na kama watoto washampa jina kaeni mkubaliane kabla ya Idi nani anachinjwa nani anabaki, manake nyumba inaweza kususia chakula sikukuu nzima.

Kuna njia ya pili ambayo kwa kienyeji ni rahisi kuliko yote, mwachie koo alee. Joto analo, haombi umeme, kunguru anapambana nae. Ila kifaranga wa koo anasoma kwa mama yake, koo akipiga ile kelele ya hatari ukitokea wewe, vifaranga wote wanajua wewe ni adui maisha yao yote. Koo akiwa mzoefu anakula mkononi kwako, wanae wanakuja nyuma yake bila kufundishwa. Kwahiyo chagua wa kumuatamisha kwa upole wake, sio kwa ukubwa wa mwili. Ukiwa na koo mpole aliyeatamia siku zake 21 zinakaribia, unaweza kununua vifaranga wa siku moja ukamchomekea usiku wa giza, kimoja kimoja chini ya kifua, asubuhi anaamka ni wake. Chungulia alfajiri, wengine hawadanganyiki wanadonoa wageni, ukiona hivo watoe mara moja uwarudishe kwenye bruda.

Mwisho kuongeza kuku wakubwa wa kununua sokoni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yenyewe iwe mbali na wenyeji, angalau wiki mbili, chombo chake cha maji, na wewe uhudumie wa kwako kwanza ndo uende kwake. Akipiga chafya, akiharisha kijani, akipinda shingo, haingii bandani. Akiwa mzima mchanje mdondo palepale, subiri wiki mbili nyingine chanjo ikamate, mda huo mlishe mkononi na umgongee kopo lilelile, alafu mwingize usiku kichanjani katikati ya wenzie. Watamdonoa siku mbili tatu kupanga ukubwa, usiingilie isipokuwa ukiona damu, hapo mtoe umpake kitu cha kuficha damu kama gentiani vayoleti, ile dawa ya zambarau, manake kuku wakiona wekundu hawaachi.